Kiti cha Mtu wa Kitabu

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kipindi cha fasihi, darasa likiwa bado linanuka mandazi ya mapumziko. Naijua dakika kwa sababu nilikuwa naikazia macho saa ya ukutani nikiiomba ikimbie.

Mwalimu alikuwa anasoma kwa sauti ukurasa ambao mimi sihitaji kuuona ndipo niujue. Unatoka katika kitabu cha maisha ya mwandishi mkubwa aliyezaliwa hapa Manga, boma la pili kutoka kwetu ukishuka na njia ya mtoni. Nchi nzima inamjua kwa jina lake. Sisi huku tunamwita Mtu wa Kitabu, kana kwamba vitabu vingine vyote viliandikwa na ng'ombe.

"Baba alipokufa alituachia kiti," mwalimu akasoma. "Kiti cha miguu mitatu, kilichojaa shanga kama anga linavyojaa nyota. Jirani yetu muuza ndizi, yule mwenye pengo la mbele pana kama mlango, alikibeba mchana kweupe, bila haya, na hakuna aliyemzuia. Tangu siku hiyo sijakaa. Nimechuchumaa tu."

Darasa zima likageuka kuniangalia mdomoni.

Pengo ni la babu. Nimelirithi jinsi lilivyo, upana na yote, na ndiyo maana mimi huongea mkono ukiwa mdomoni, au siongei kabisa. Jina la babu halimo kitabuni, lakini mlimani kwetu muuza ndizi mwenye pengo alikuwa mmoja tu, na alikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo pengo likabaki kunisubiri mimi.

"Mwalimu, si uulize huyu?" msichana wa dawati la nyuma akasema. "Kiti kiko kwao."

"Wacha! Labda ndicho hukalia akifanya hesabu."

"Ndiyo maana anafeli. Kiti kinamkataa."

Walicheka. Na mimi nilicheka, ndani ya kiganja, kwa sababu ile ya hesabu ilikuwa ya kweli.

Mwalimu aligonga meza akatangaza. Ijumaa ya wiki inayofuata Mtu wa Kitabu mwenyewe angekuja kufungua maktaba yetu mpya, ambayo ni ile stoo ya zamani ya mahindi iliyopakwa rangi. Alikuwa amesema redioni kwamba angependa kukikalia kile kiti hata mara moja kabla hajafa. Mwalimu mkuu alitaka kitafutwe kipatikane. Halafu mwalimu akaniangalia, kwa wema, na hapo nikajua nimekwisha.

"Wewe utakitafuta. Huongei, kwa hivyo utasikiliza. Na siku hiyo utasoma huu ukurasa mbele ya mgeni. Una sauti nzuri sana ukiwa hujui unasikika."

Sasa lazima niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika hata kwenye daftari hili.

Ninaishi na nyanya, mama akiwa kazini Nairobi. Nyanya hajui kusoma. Nilipokuwa darasa la tano watu wa kanisani walimwambia kwamba mumewe yumo ndani ya kitabu cha mtoto wa jirani. Alifurahi hadi akamwagiza mama anunue nakala, akaifunga kwa kitambaa cha mezani, na jioni akaniketisha jikoni. "Magokoro," nilimwita hivyo, kama tunavyowaita nyanya zetu huku, "nikusomee wapi?" Akasema, "Pale tulipo."

Nilitafuta ukurasa, nikausoma kimoyomoyo kwanza. Halafu nikainua kichwa nikasoma kitu ambacho hakikuwepo. Nilisema: "Jirani yetu muuza ndizi alikuwa na tabasamu lenye mlango, na kila aliyepita aliingia. Hakuna mtoto aliyewahi kutoka kwake na njaa." Kwa mtoto wa darasa la tano si mbaya.

Nyanya aliweka chini ndizi aliyokuwa akimenya. Kisha akauliza, "Na kiti? Ameandika kuhusu kiti?"

Kwa nini aulize kiti, kama babu hakukichukua? Nikajibu, "Ameandika kwamba kiko kwa jirani." Niliona huo si uongo kamili.

"Basi anajua," akasema, akarudi kumenya ndizi.

Tangu hapo nimemsomea pale tulipo kila Jumapili baada ya ibada, na wageni wakija nawasomea pia. Nimejifunza hata kugeuza karatasi mahali panapofaa. Na tangu hapo sijawahi kuangalia juu. Kwenye dari ya jikoni kwetu, kule moshi unakoishia, kuna gunia jeusi kwa masizi ambalo nimelikuta likiwa hapo. Nilipokuwa mdogo nilikatazwa kuligusa. Nyanya alisema ni mzigo wa watu. Watu gani, sikuuliza. Nilikuwa na jibu langu tayari, na nililiogopa.

Jumanne hiyo nilifika nyumbani nikakuta habari imenitangulia.

"Ati atakuja mwenyewe!" nyanya akasema. "Na utasoma wewe? Pale tulipo?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote?"

"Ndiyo, magokoro."

"Nitakaa mbele kabisa." Kufikia Alhamisi soko zima lilikuwa limealikwa.

Kwa hiyo nilikuwa na siku kumi. Kama kiti kingepatikana kokote kule, kwa mtu mwingine yeyote, ningeweza kumwomba mwalimu tusisome ule ukurasa, kwa kuwa ungekuwa na kosa. Kama hakingepatikana, nyanya angesikia kwa kipaza sauti kwamba mumewe alikuwa mwizi na mjukuu wake mwongo. Nilitafuta kwa bidii. Nilitafuta kila mahali isipokuwa mahali nilipoogopa kukipata.

Jumamosi nilikwenda Kisii mjini. Mlimani husemwa kwamba kiti kiliuzwa kwenye duka moja la Wahindi, wanaouza masufuria tangu enzi za babu yao. Nilikuwa nimeandika maswali yangu kwenye karatasi, kwa sababu sauti yangu huwa inabaki Manga nikishuka mjini. Mzee wa duka, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni, aliisoma yote hadi chini, akanijibu kwa Ekegusii, lugha yetu ya huku, laini kuliko yangu.

"Mwanangu, unajua hii ni karatasi ya ngapi? Tangu hicho kitabu kiingie shuleni, kila muhula wanakuja na kalamu. Sisi tunauza masufuria. Baba yangu hakununua kiti cha mtu. Yeye mwenyewe alikalia debe."

Niliandika: *debe*.

"Usiandike hiyo," akasema. Kisha akanihurumia. "Mmemuuliza dada yake? Ameolewa Marani. Ni mteja wangu, hupenda sufuria nzito. Hakuna aliyewahi kuniambia ametoka kumuuliza yeye. Wote wanakuja kwa Mhindi kwanza."

Wakati huohuo mwalimu mkuu, ambaye hana imani na watoto wanaonyamaza, alimwita fundi seremala akamwagiza kiti cha akiba, kama kilivyo kitabuni. Fundi alisomewa ule mstari wa nyota. Akapigilia shanga hadi pale pa kukalia.

Alhamisi, siku moja kabla, tuliachiliwa mapema baada ya kufyeka nyasi, nami nikapanda boda hadi Marani. Dada wa Mtu wa Kitabu ni mwanamke mzee mwenye mikono mikubwa. Alikuwa ameanika wimbi kwenye mkeka na anafukuza kuku kwa fimbo ndefu bila kuinuka. Nikampa karatasi. Akaitazama pande zote mbili.

"Hii sitaisoma. Toa huo mkono mdomoni uniulize."

Nikautoa. "Kiti cha baba yenu kilienda wapi?"

Aliangalia pengo langu kwa muda mrefu, halafu akaanza kucheka hadi kuku wakarudi.

"Wewe ni wa muuza ndizi! Umetoka Manga mpaka Marani kuniuliza kiti? Kiti kiko kwa nyanya yako! Mimi mwenyewe niliwashikia mlango kikitoka."

Nikakaa chini, kwenye wimbi. Hakunifukuza.

Alinieleza akiendelea kulinda mkeka. Baba yao alipokufa, ndugu yake alikuwa ng'ambo masomoni. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, wazee walisema kiti ni cha mwana mkubwa. Lakini mwana mkubwa hakuwa na nyumba pale nyumbani, na nyumba pekee iliyobaki ilikuwa ya mama, iliyojaa wake wa wanawe wengine wakipika na kufagia. Kwetu mke wa mwana hagusi kiti cha baba mkwe, hata kukisogeza apate kufagia chini yake. Wiki nzima walifagia wakikizunguka. Mwishowe mama alimwita jirani, mtu asiye wa ukoo, aliyeaminika, akamwambia akiweke. Mwana mkubwa atakapojenga hapa nyumbani, aje kwa miguu yake akiombe.

"Na ndugu yako hakuambiwa?"

"Na nani? Mama alisubiri aulize. Hakuuliza. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, na mambo ya kiti cha baba si ya binti aliyeolewa."

"Lakini ameandika kwamba kiliibwa. Nchi nzima imesoma."

"Mimi nimeambiwa tu kitabu ni kizuri," akasema. "Kuku huyo! Piga!"

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Nyanya alikuwa ametandaza nguo yake ya kesho kitandani, na kofia juu yake, kana kwamba kuna mtu amelala pale. Nikamwambia aje jikoni. Nikafungua kitabu, na kwa mara ya kwanza nikamsomea pale tulipo kama palivyoandikwa. *Bila haya* niliisoma kwa shida. *Pengo pana kama mlango* niliisoma mkono ukiwa mdomoni, akanishika kifundo cha mkono akaushusha.

Nilipomaliza, moto ulikuwa umefifia na hakuna aliyeuchochea.

"Na ile ya tabasamu?" akauliza. "Kwamba kila aliyepita aliingia?"

"Niliitunga mimi."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo, magokoro."

"Na mimi nilikuwa nashangaa," akasema polepole, "yule mtoto wa jirani alimjuaje vizuri hivyo, na hakuwahi kuingia kwetu."

Kisha akakunja uso. "Kwa hiyo wewe ulipokuwa ukikwepa kuliangalia hilo gunia, ulikuwa unadhani lina nini?"

Alijibiwa na kimya changu, na naona hicho ndicho kilichomuuma, kuliko kitabu. Mtu wa Kitabu alikuwa mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa na pengo la babu mdomoni na bado nilimhukumu.

Nikasema, kwa haraka, kwamba sasa ni rahisi. Tunateremsha gunia, kesho tunalibeba hadi shuleni, watu wote wanaona kwamba kiliwekwa tu, na jina la babu linasafishwa kabla ya soda kugawiwa. Nyanya aliniangalia kana kwamba nimependekeza tumuuze ng'ombe wa mtu.

"Amejenga?"

"Hapana, lakini..."

"Amekuja kuomba kwa miguu yake?"

"Magokoro, wanamwita babu mwizi!"

"Ndiyo. Na babu yako aliahidi kwamba hakitoki humu hadi mwenyewe ajenge, aje akiombe. Nikikitoa kesho ili tusiitwe wezi, si ndipo nitakuwa nimetoa mali ya watu?" Akachochea moto. "Soma kama alivyoandika. Usipunguze. Mimi nitakaa mahali atakaponiona."

Sijawahi kuona mtu anayeng'ang'ania kuficha ushahidi wa kutokuwa na hatia kwake. Ila nyanya yangu.

Ijumaa uwanja ulijaa. Mtu wa Kitabu alikuwa mzee mwembamba mwenye suti nzito na viatu visivyojua kilima. Alikabidhiwa kiti cha fundi, akakipapasa, akasema ni kizuri sana, na kwa adabu akakikalia. Zile shanga zilimfanya ahame kutoka upande hadi upande kila dakika. Nyanya alikuwa safu ya kwanza, mbele yake kabisa, kofia imenyooka.

Nikaitwa. Kipaza sauti kilinifunika mdomo vizuri kuliko mkono wangu. Nikasoma kama ilivyo. Sauti ilitoka kubwa, ikavuka bonde, na wachumaji chai wa upande wa pili wakasimama na vikapu vyao. Mtu wa Kitabu alikuwa amefumba macho akiyafuata maneno yake kwa midomo, kama mtu anayeimba wimbo wa kanisani. Nilipofika *nimechuchumaa tu*, watu wakapiga makofi.

Nyanya akasimama.

"Nyanya, maswali ni baadaye," mwalimu mkuu akamwambia.

"Mimi sina swali la kitabu." Akamgeukia mgeni, akasema kwa Ekegusii, kwa sauti ile anayoitia ng'ombe: "Wewe mwana wa jirani. Umejenga?"

Wazee wa nyuma ndio waliocheka kwanza. Wanafunzi hawakuelewa. Mtu wa Kitabu alifumbua macho, akamwona, kisha akaniona mimi, na pengo langu, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kulifunika.

"Sijajenga, mama," akasema.

"Hata choo?"

"Hata choo."

"Basi unalia nini? Kiti chako kiko darini kwangu. Mama yako alimpa mume wangu akiweke hadi ujenge uje uombe. Dada yako alishika mlango. Tumekungoja, mume wangu akachoka kungoja akaenda. Na hizo shanga unazosema zilikuwa tatu. Nyingine zilianguka ukiwa bado unanyonya."

Mgeni aliinuka kutoka kwenye kile kiti, nadhani kwa nafuu. Alinijia akachukua kipaza sauti, akavuta pumzi, na hapo stima ikapotea.

Akasema hivyo hivyo, bila stima. Alisema kwamba aliporudi kutoka ng'ambo alisikia kiti kimebebwa na jirani, na hakuweza kumuuliza mama yake, kwani angeonekana anaharakisha kukaa mahali pa baba. Ilikuwa rahisi zaidi kuandika. "Hakuiba," akasema. "Mimi ndiye niliyekosa." Alisema vizuri, ila ana sauti ya mtu wa kuandika. Neno *hakuiba* lilifika safu ya tatu. *Bila haya* ilikuwa imevuka bonde.

Tulipokuwa tukitoka getini nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Kumbe ilikuwa kweli! Kiti kiko kwao. Amekiri mwenyewe mbele ya watu."

Nyanya alisikia pia. Alirekebisha kofia, akaendelea kutembea. Nikafikiri, haya ndiyo tumeyapata. Asubuhi tulikuwa tunashukiwa tu.

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, nilikuwa nafagia uani nilipomwona Mtu wa Kitabu kwenye kiwanja cha baba yake, katikati ya nyasi zilizomfika kiunoni, na suti ya jana. Alikuwa na vigingi kwapani, jiwe la kugongea, na bunda jipya la kamba ya katani. Hakuja kwetu. Alikuwa anaifunga kamba kwenye kigingi kimoja, anakwenda kufunga cha pili, na cha kwanza kinang'oka.

Nyanya alisimama mlangoni akimtazama aking'olewa vigingi mara tatu.

"Nenda umshikie," akaniambia. "Mtu hapimi nyumba peke yake."

Nikaenda. Alinipa ncha ya kamba bila kuuliza mimi ni nani.

"Ile uliyokuwa ukimsomea nyanya yako," akasema baadaye, akiwa ameinama. Kumbe waliongea jana nikienda kurudisha viti. "Ilisemaje?"

Nikamwambia ile ya tabasamu lenye mlango. Akakigonga tena kigingi kilichokuwa kimeshakaa sawa.

"Ni nzuri kuliko yangu."

"Ndiyo," nikasema. Sijui ilitoka wapi.

Ilikuwa siku ya soko, na njia ya sokoni inapita kando ya kiwanja hicho. Kila aliyepita alisimama. "Mzee, kuna nini?" Naye, kila mara, alilazimika kunyooka, kujishika kiuno na kueleza: najenga, ndipo nikaombe kiti cha baba, kiliwekwa kwa jirani, hakuiba mtu. Alieleza kwa wenye mbuzi, kwa wenye mboga, kwa mchungaji. Kutoka uani nyanya alipiga kelele kwamba mlango anaupima ukiangalia upande mbaya, tukang'oa tukaanza upya.

Halafu akaja yule mama wa getini, mkungu wa ndizi kichwani. "Na hii ni nini sasa?" akauliza. Mtu wa Kitabu alikuwa amepiga magoti akigonga kigingi, pumzi zimemwishia, na hakuinua kichwa. Mama alinigeukia mimi. Kamba ilikuwa imevutika kabisa, nimeishika kwa mikono yote miwili, na nikiiachia nyumba nzima inakwenda kombo.

"Bwakire buya, mama," nikamsalimu. "Anajenga. Kiti chake kiko kwetu. Babu aliwekeshwa tu, na alikitunza."

"Nani?"

"Babu yangu," nikasema kwa sauti zaidi. "Yule mwenye pengo."